Mechi 25 za Deandre Ayton: ratiba ya NBA inapogeuka kipimo cha adhabu

Jumatano ya Oktoba 23, 2019, Phoenix Suns, klabu ya mpira wa kikapu ya ligi ya NBA ya Marekani, walifungua msimu wao nyumbani kwa kuwachapa Sacramento Kings 124–95. Deandre Ayton, kijana wa Bahama aliyekuwa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa katika drafti ya 2018, utaratibu wa klabu kuchagua wachezaji wapya, alimaliza mechi hiyo akiwa na pointi 18, ribaundi 11 na mitupo minne aliyoizuia. Siku iliyofuata ligi ya NBA ikatangaza kwamba amefungiwa mechi 25 bila malipo, kwa sababu kipimo chake kilionyesha dawa ya kuongeza mkojo ambayo ipo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku. Timu iliyokuwa imeanza ukurasa mpya chini ya kocha Monty Williams ikajikuta bila mchezaji wake mkubwa wa katikati kabla hata ya kusafiri kwenda kwenye mechi yake ya pili.

Mjadala mwingi wa siku zile ulihusu nia ya Ayton, kama alijua alichokunywa au hakujua. Ni swali halali, lakini jibu lake analo mwenyewe, na sheria za michezo zimetungwa makusudi zisilitegemee. Ninalotaka kulichambua hapa ni jambo ambalo kila mtu anaweza kulipima kwa kalenda: adhabu inayohesabiwa kwa idadi ya mechi inafanya nini inapokutana na ratiba ya msimu mrefu, na kwa nini mechi 25 za mtu mmoja hazilingani na mechi 25 za mwingine.

Kwanza dawa yenyewe. Dawa ya kuongeza mkojo haijengi misuli wala haimwongezei mtu pumzi. Hospitalini hupewa wagonjwa wa shinikizo la damu na wale ambao miili yao imejaa maji kutokana na matatizo ya moyo au figo. Imepigwa marufuku michezoni kwa sababu mbili: huondoa maji mwilini haraka, jambo linalowafaa wanamichezo wanaoshindana kwa uzito, na hupunguza ukolezi wa mabaki ya dawa nyingine ndani ya mkojo, hata steroidi iliyokuwa ionekane maabara ipite bila kugundulika. Ndiyo maana orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, inaziweka dawa hizi katika kundi moja na dawa za kuficha, na mkataba wa pamoja kati ya NBA na chama cha wachezaji unaziadhibu sawa na dawa za kuongeza nguvu zenyewe. Tangazo la ligi lilitaja kundi tu, halikutaja jina la dawa. Ayton aliomba radhi kwa familia yake, klabu na mashabiki, akasema kwamba kitu hicho kiliingia mwilini mwake bila yeye kukusudia, na chama cha wachezaji kikapeleka shauri kwa msuluhishi kikiomba adhabu ifutwe au ipunguzwe. Mlango huo upo ndani ya mkataba, lakini ni mwembamba, kwa kuwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuwa na kosa kubwa unabaki mabegani mwa mchezaji. Mwishowe aliitumikia adhabu yote, mechi 25 kamili.

Idadi hiyo ya 25 haikutoka maabara, wala haikupimwa kwa madhara ya dawa. Ilitoka katika meza ya majadiliano kati ya wamiliki wa klabu na chama cha wachezaji, na imekuwa ikipanda kidogo kidogo. Chini ya mkataba wa 2005, kosa la kwanza lilikuwa mechi 10, na ndizo alizofungiwa Rashard Lewis wa Orlando Magic mwaka 2009. Mkataba wa 2011 ukapandisha hadi 20, ambazo Hedo Turkoglu alipewa mwaka 2013. Mkataba ulioanza Julai 2017 ukaweka 25 kwa kosa la kwanza, 55 kwa la pili, na kufukuzwa ligini kwa la tatu, ambapo mchezaji hawezi kuomba kurejea kabla ya miaka miwili kupita.

Sasa tuiweke namba hiyo juu ya ratiba. Kila timu ya NBA hucheza mechi 82 kabla ya hatua ya mtoano, 41 nyumbani na 41 ugenini, na mgawanyo wake una hesabu yake: mechi nne dhidi ya kila mmoja wa wapinzani wanne wa divisheni yake, nne dhidi ya timu sita nyingine za ukanda wake, tatu dhidi ya timu nne zilizobaki za ukanda huo, na mbili dhidi ya kila timu kati ya 15 za ukanda wa pili. Mechi 25 ni asilimia 30 na kitu ya mzigo huo. Kwa Ayton, zilianza Oktoba 25 huko Denver na kumalizika Desemba 16, yaani siku 53. Kwa ligi ambayo timu hucheza mara tatu au nne kwa wiki, theluthi ya msimu hupita haraka sana.

Kuna sababu nzuri ya kuhesabu kwa mechi badala ya siku, na lazima isemwe kabla ya kuikosoa. Adhabu ya siku ingeweza kuliwa na mapumziko ya kiangazi, au na jeraha ambalo lingemweka mchezaji nje hata bila adhabu. Kisa cha Joakim Noah kinaonyesha jinsi ligi inavyojikinga. Machi 2017 alipofungiwa mechi 20 akiwa New York Knicks, tayari alikuwa nje kwa sababu ya upasuaji wa goti, na hesabu yake haikuanza mpaka alipoonekana ana uwezo wa kucheza. Msimu ukaisha hajamaliza, na akalazimika kukosa mechi 12 za mwanzo wa msimu uliofuata. Hapo kanuni ilifanya kazi yake sawasawa, kwa kuwa mchezaji hakuruhusiwa kulipa deni kwa siku ambazo asingecheza hata hivyo.

Lakini kanuni hiyohiyo haina jibu kwa tofauti ya mahali adhabu inapoangukia ndani ya msimu, na mwaka 2019 ulitupa mifano mitatu kwa mpigo. Wilson Chandler, aliyekuwa amesajiliwa na Brooklyn Nets kiangazi kile, alitangaziwa mechi 25 mwishoni mwa Agosti, wiki nyingi kabla ya mpira kurushwa, kwa hiyo kocha wake alipanga kikosi cha kuanzia akijua kwamba hatampata hadi katikati ya Desemba. John Collins wa Atlanta Hawks alitangaziwa Novemba 5, timu yake ikiwa imecheza mechi tano, na akarejea Desemba 23. Ayton alitangaziwa kati ya mechi ya kwanza na ya pili. Namba ni moja, msimu ni mmoja, ila nafasi ya kujiandaa haikuwa moja. Nets walikuwa na karibu miezi miwili, Suns hawakuwa na hata siku mbili. Hawks walishinda mechi nne tu kati ya 25 walizocheza bila Collins, na kufikia Krismasi msimu wao ulikuwa umekwisha kwa hesabu ya kawaida.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, ingawa ndipo vichwa vingi vya habari vilipokaa. Mshahara wa Ayton msimu ule ulikuwa karibu dola milioni 9.56. Kwa adhabu ya mechi 20 au zaidi, mkataba ulikata sehemu moja ya 110 ya mshahara kwa kila mechi, wala si sehemu moja ya 82, kwa hiyo alipoteza takribani dola milioni 2.2. Maana yake ni kwamba alikosa zaidi ya asilimia 30 ya mechi lakini akapoteza chini ya asilimia 23 ya malipo. Kama kila mechi ingehesabiwa kwa thamani yake halisi ndani ya ratiba, makato yangekaribia dola milioni 2.9. Sidhani kwamba fedha hizo zinabadilisha tabia ya mtu yeyote katika kiwango hicho cha mshahara, ila zinaonyesha kwamba hata upande wa malipo, mechi moja ya adhabu imepewa uzito mdogo kuliko mechi moja ya msimu.

Kinachoumiza zaidi ni msimamo wa ligi, na hapa kisa cha Suns kinastahili kusomwa mechi kwa mechi. Bila Ayton walianza vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Aron Baynes wa Australia, aliyeletwa kutoka Boston kiangazi kile, alishika nafasi ya katikati kwa ustadi, na baada ya mechi 11 za msimu, ikiwamo ile ya kwanza aliyocheza Ayton, timu ilikuwa imeshinda saba. Kisha pumzi ikakata. Katika mechi 15 zilizobaki za adhabu walishinda nne, na hesabu ya mechi zote 25 ikawa ushindi 10 na vipigo 15. Ndani ya vipigo hivyo kuna vinne ambavyo shabiki wa Phoenix hawezi kuvisahau. Mechi ya kwanza kabisa ya adhabu, huko Denver, walifungwa 108–107 katika muda wa nyongeza. Oktoba 28 Utah Jazz wakawafunga 96–95. Desemba 14, katika mechi iliyochezwa Mexico City, San Antonio Spurs wakawafunga 121–119, tena katika muda wa nyongeza. Na Desemba 16, mechi ya mwisho ya adhabu, Portland Trail Blazers wakawafunga 111–110.

Zingebaki kumbukumbu tu za mwanzo wa msimu kama si yaliyotokea baadaye. Ligi ilisimama Machi 11, 2020 kwa sababu ya korona, ikarejea mwishoni mwa Julai ndani ya eneo lililofungwa huko Florida, timu 22 zikicheza mechi nane nane kumalizia msimu. Suns waliingia wakiwa na ushindi 26 na vipigo 39, wakashinda mechi zote nane, timu pekee iliyofanya hivyo. Siku ya mwisho waliwafunga Dallas 128–102, kisha wakasubiri. Memphis wakawafunga Milwaukee, Portland wakawafunga Brooklyn 134–133, na jedwali likafungwa hivi: Portland ushindi 35 na vipigo 39, Memphis 34 na 39, Suns 34 na 39. Kanuni ya kuvunja sare iliwatanguliza Memphis, na nafasi ya nane na ya tisa ndizo pekee zilizoingia kwenye mechi ya kuwania tiketi ya mwisho ya mtoano. Suns wakarudi nyumbani.

Hesabu iliyobaki ni ndogo na haina huruma. Ushindi mmoja zaidi ungewapa Suns 35 na 38, juu ya Portland wenye 35 na 39, yaani nafasi ya nane. Mmoja tu kati ya vile vinne. Kama ungekuwa ule wa Desemba 16, Portland wenyewe wangeshuka hadi 34 na 40, na wangekuwa nyuma ya Memphis.

Simaanishi kwamba Ayton angeishinda mechi yoyote kati ya hizo, kwa maana hakuna anayeweza kulijua hilo. Aliporejea Desemba 17 dhidi ya Los Angeles Clippers alipata pointi 18 na ribaundi 12, lakini timu ilifungwa 120–99 na yeye mwenyewe akaumia kifundo cha mguu, akakosa mechi nyingine, na kwa msimu mzima akacheza 38 tu. Mtu anayetaka kupunguza lawama atasema, kwa haki, kwamba jeraha lilimnyima nafasi kama adhabu ilivyomnyima. Hata hivyo jeraha si uamuzi. Adhabu ilijulikana ukubwa wake mapema, na kilichokosa kujulikana ni bei ambayo wachezaji wenzake 14 wangelipa miezi minane baadaye, wakiwa wameshinda kila mechi waliyopewa. Mechi ya Oktoba inaonekana nyepesi kwa sababu msimamo bado haujaumbika, ilhali katika jedwali la mwisho uzito wake ni uleule wa mechi ya Aprili.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayefuatilia riadha anaweza kushangaa kwamba tunabishana juu ya siku 53. Ruth Chepngetich wa Kenya, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alipatikana na hydrochlorothiazide, dawa ya kundi hilohilo la kuongeza mkojo, katika sampuli iliyochukuliwa Machi 14, 2025. Kitengo cha Uadilifu katika Riadha kikamfungia miaka mitatu, kutoka minne ya kuanzia, kwa kuwa alikiri mapema. Visa hivi viwili havifanani katika mazingira yake, na ushahidi uliomkabili Chepngetich ulihusu mambo mengine pia. Lakini pengo kati ya chini ya miezi miwili na miaka mitatu halitokani na kemia. Riadha iko chini ya kanuni za WADA, ambazo hazipangwi kwa majadiliano ya klabu na wachezaji wake. NBA, kama ligi nyingine kubwa za kulipwa za Marekani, hutunga adhabu zake kwa makubaliano kati ya mwajiri na mwajiriwa, na pande zote mbili zinaishi kwa ratiba ileile ya kuuza tiketi na matangazo ya televisheni. Mkimbiaji wa marathoni akifungiwa, anayepoteza kipato ni yeye. Mchezaji nyota wa kikapu akifungiwa miaka mitatu, wanaopoteza ni wengi wenye nguvu ya kukataa.

Upande wa vipimo nao umefungwa ndani ya kalenda. Mkataba uliokuwapo wakati wa kisa cha Ayton uliweka kikomo cha vipimo sita vya mkojo vya kushtukiza kwa mwaka, vinne wakati wa msimu na viwili nje yake, pamoja na vipimo vya damu vya homoni ya ukuaji vilivyoanza msimu wa 2015–16. Vipimo hivyo havitangazwi, na hilo ni jema. Tatizo ni kikomo chenyewe, kwa sababu mchezaji anayehesabu anajua kwamba akishachukuliwa mara nne kabla ya Februari, kilichobaki kinachoweza kumfikia ni kipimo cha shaka maalumu tu. Pia miezi ya kiangazi, ambayo ndiyo miezi ya kujenga mwili bila usumbufu wa safari, ina vipimo viwili. Tangazo la Chandler la Agosti ni ushahidi kwamba vipimo vya nje ya msimu hukamata watu, kwa hiyo kuviongeza hakuwezi kuitwa kazi bure.

Kasoro ninayoiona kuwa kubwa zaidi, lakini, iko mwishoni mwa msimu. Jodie Meeks wa Washington Wizards alifungiwa mechi 25 Aprili 13, 2018, siku moja tu kabla ya hatua ya mtoano. Alikosa mechi sita ambazo timu yake ilicheza dhidi ya Toronto, na 19 zilizobaki zikasukumwa kwenye msimu uliofuata. Februari 2025 Bobby Portis wa Milwaukee Bucks alifungiwa 25 kwa kupatikana na tramadol, dawa ya maumivu ambayo wakala wake alisema aliitumia akidhani ni nyingine inayoruhusiwa, na hesabu yake ikamalizika mapema Aprili, kwa wakati wa kucheza mtoano. Mmoja alinyimwa mechi kubwa kuliko zote za mwaka, mwingine akazikuta zikimsubiri, na kilichowatenganisha ni tarehe ya tangazo. Besiboli ya Marekani ilikwisha kuliona hilo: tangu 2014 mchezaji aliyefungiwa kwa dawa za kuongeza nguvu haruhusiwi kucheza hatua ya mwisho ya msimu huo hata kama amemaliza adhabu yake, na kosa la kwanza ni mechi 80 kati ya 162, karibu nusu ya msimu.

Pendekezo langu, baada ya kukipitia kisa hiki, ni kwamba NBA ibaki na hesabu ya mechi, kwa sababu inazuia ujanja wa majeraha na mapumziko, lakini iongeze mambo mawili: marufuku ya mtoano wa msimu husika kwa kila aliyefungiwa ndani ya msimu huo, na makato ya mshahara yanayolingana na sehemu ya mechi alizokosa kati ya 82. La kwanza lingeondoa bahati ya tarehe kwa Meeks na Portis sawia. La pili lisingewarudishia Suns wa 2020 nafasi ya nane, lakini lingewalazimu wanaokaa mezani kukubali kwamba mechi ya Oktoba 25 huko Denver ilikuwa mechi kamili. Mkataba wa sasa, ulioanza kutumika Julai 2023, umeacha 25 ya kosa la kwanza ilivyokuwa, na unaendelea hadi msimu wa 2029–30, isipokuwa upande mmoja uamue kujiondoa mwaka mmoja kabla.